Jina Langu Kwenye Simu ya Baba

Kwenye simu ya baba yangu nimehifadhiwa kama Injinia. Si jina nililobatizwa wala lile la nyanya yangu nililorithishwa. Injinia, basi. Akinipigia akiwa kibandani kwake Voi, pale anapotengeneza redio, huiweka simu kwenye spika na kuuliza kwa sauti inayofika ng'ambo ya barabara: "Injinia, mko salama huko Nairobi?" Wateja nao hunisalimia. Kuna mama mmoja anayeuza maembe kando ya kibanda, yeye kila mara huniuliza kama pale kazini kwetu wanaweza kumchukua kijana wake, hata kama ni kubeba nyaya tu.

Mimi si injinia. Na hakuna "pale kazini kwetu." Kazi yangu naifanyia kitandani, laptopu ikiwa juu ya mto, katika keja moja Roysambu ambayo dirisha lake linatazama ukuta wa ploti ya jirani. Naandika vitu vya watu: maelezo ya bidhaa, hotuba za harusi, barua za kuomba kazi ambazo mimi mwenyewe siwezi kuomba. Mwezi mzuri nalipwa kwa neno. Mwezi mbaya nalipwa kwa ahadi.

Kuna mteja ambaye huniagiza makala za watu waliofaulu. Usiku mmoja akanitumia ujumbe: anataka maneno 1,500 kuhusu Lisa Su, mkuu wa AMD, kampuni ya Marekani inayounda prosesa za kompyuta. Shilingi 3,000, makala ifike kesho kutwa asubuhi. "Weka mbinu 7 za mafanikio," akaandika. "Vijana wanapenda 7."

Nimeziandika nyingi za aina hiyo. Naijua njia yake nikiwa nimefumba macho: utoto wa dhiki, ndoto moja, watu waliomcheka, kisha pesa, kisha mbinu. Na kama mhusika aliacha chuo, hapo mteja hufurahi zaidi, kwa sababu hadithi ya aliyeacha chuo huuza kuliko ya aliyebaki.

Rafiki zangu nao wananipa hadithi hiyo bure. Wakisikia sikumaliza chuo, wananiambia Bill Gates aliacha Harvard, Mark Zuckerberg naye akaacha Harvard. Wanasema kwa upendo, nami naitikia kwa upendo. Lakini hao wawili nimeshawaandika kwa malipo, na ninajua kitu ambacho ile faraja haisemi. Gates alipotoka mwaka 1975, yeye na Paul Allen walikuwa na programu tayari na kampuni ya kuinunua. Zuckerberg alitoka akiwa na tovuti iliyokwisha kujaa wanafunzi. Walitoka darasani kwa sababu nje kulikuwa na kitu kinawaita. Mimi nilitoka kwa sababu ndani kulikuwa na kitu kinanifukuza.

Watu wa Nairobi nimewaambia ni karo. Hiyo ni hadithi inayoheshimika hapa kwetu; ukishasema karo, hakuna anayeuliza swali la pili. Ukweli ni kwamba karo ilikuwepo. Aliyekosekana ni mimi.

Basi nikaanza kumsoma Lisa Su nikitafuta dhiki ya kufungulia makala. Sikuipata. Alizaliwa Tainan, Taiwan, Novemba 1969, akahamia New York na wazazi wake akiwa bado mtoto mdogo. Baba yake alikuwa mtaalamu wa takwimu. Mama yake alikuwa mhasibu, na baadaye akaanzisha biashara yake mwenyewe. Alisoma Bronx High School of Science, shule inayojulikana kwa sayansi, akamaliza mwaka 1986 na kuingia chuo cha MIT. Hakulala njaa, hakutembea pekupeku. Nikaona hii makala itanisumbua.

Kitu kimoja tu cha utotoni kilinishika. Amesimulia kwamba alipokuwa na miaka kama 10 alikuwa akifungua vigari vya kuchezea vya nduguye, vile vya rimoti, vikiacha kufanya kazi. Alitaka kuona ndani kuna nini. Anapata waya umelegea, anaurudisha, kigari kinatembea.

Niliposoma hapo nilifunga laptopu, nikaenda kuchemsha turungi.

Kwa sababu hilo ndilo lilikuwa maisha yangu. Nilikulia ndani ya kile kibanda cha Voi. Baba aliachia shule darasa la sita, akajifunza ufundi kwa kukaa karibu na fundi mwingine hadi siku ile alipokabidhiwa meza. Mimi nilijifunza kwa kukaa karibu naye. Nikiwa darasa la nne nilijua kapasita iliyokufa kwa kuitazama, kichwa chake huvimba. Nilijua harufu ya risasi ikiyeyuka kwenye chuma cha moto, na nilijua usiguse redio ya mtu kabla hujamuuliza ilianzaje kuumwa. Baba alikuwa akiniambia, "Stima ni kama maji. Usiulize kwa nini haifiki, uliza imekwama wapi." Nilipoitwa chuo mwaka 2017, uhandisi wa umeme, alinipa mita yake ya kupimia, ile ya njano iliyofungwa utepe mweusi. Yeye akabaki na kuukuu zaidi.

Chuoni, somo langu la kwanza kuanguka lilikuwa saketi.

Ninajua unavyocheka. Na mimi ningecheka. Lakini saketi za kibandani ziligusika; za darasani zilikuwa herufi. Thevenin, Kirchhoff, matriksi ya safu tatu kwa tatu ubaoni, mhadhiri akienda mbio kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Tulikuwa darasa la zaidi ya 70, wasichana tukiwa 9, na kila mmoja wetu alionekana kuandika bila kusita. Nilikuwa nimezoea kuwa yule mtoto anayejua. Sikujua namna ya kuwa yule asiyejua, na nikaona aibu kuinua mkono. Nikaanguka. Nikafanya mtihani wa marudio, ule tunaouita sapu, nikaanguka. Mwaka wa tatu nikarudia somo lote na wadogo wetu wa mwaka wa pili, nikaanguka tena.

Hapo ndipo nilipokigundua chumba cha PS nyuma ya hosteli. Televisheni nne, mabenchi, pazia la gunia dirishani, shilingi 20 kwa mechi ya FIFA. Nilikuwa msichana pekee humo, na mwanzoni walinipisha kwa adabu kama mgeni, baadaye wakaanza kunitukana kama mwenzao nikiwafunga. Nilikuwa naingia saa nne asubuhi wakati wa kipindi cha saketi, natoka jua likizama. Humo ndani hakuna aliyeniuliza kitu ambacho sikijui.

Sasa sikia nilichokuja kukisoma miaka baadaye nikimwandika Lisa Su. Mashine zile za PS4 tulizokuwa tukichezea, prosesa yake na michoro yake yote ilitoka AMD. PS4 na Xbox One zilitoka Novemba 2013, zote mbili zikiwa na chipu za kampuni hiyo. Su alikuwa ameingia AMD Januari 2012, na alikuwa miongoni mwa waliosukuma kampuni itafute riziki nje ya kompyuta za kawaida, kwenye mashine za michezo. Kwa hiyo mwanamke aliyesoma uhandisi wa umeme hadi mwisho ndiye aliyesaidia kuiweka mezani mashine niliyojifichia nikiutoroka uhandisi wa umeme. Nilicheka peke yangu usiku ule. Kisha sikucheka tena.

Kwa sababu nilikuwa nimefika kwenye sehemu ya maisha yake ambayo wateja wangu huniambia niiruke: ile sehemu ndefu ya katikati.

Lisa Su alichukua digrii zake tatu MIT, ya mwisho ikiwa ya udaktari mwaka 1994. Amesema alichagua uhandisi wa umeme kwa sababu ulionekana kuwa ndio mgumu kuliko mengine. Soma tena hiyo sentensi. Aliangalia orodha ya kozi, akatafuta iliyo ngumu, akaweka alama hapo. Kisha akaajiriwa Texas Instruments, na mwaka 1995 akahamia IBM, akakaa miaka 12. Hakuanzisha kampuni gereji. Hakuonekana kwenye jalada la gazeti. Alikuwa mtu wa maabara, ana barua ya ajira na bosi.

Kazi iliyomjenga huko ilihusu waya. Ndani ya chipu kuna mamilioni ya transista, na lazima ziunganishwe kwa nyaya nyembamba mno. Kwa miaka mingi nyaya hizo zilikuwa za alumini. Kila fundi anajua shaba inapitisha umeme vizuri kuliko alumini. Hata Baba angekuambia. Basi kwa nini wasiweke shaba? Kwa sababu shaba ni mgeni asiyekaa alipowekwa. Inapenya, inaingia ndani ya silikoni, na ikishaingia inaitia sumu, transista zinaharibika. Ilibidi watafute utando mwembamba wa kuizungushia shaba ili ipitishe umeme bila kuhama. IBM walitangaza mwaka 1997 kwamba wameweza, na mwaka 1998 chipu za shaba zikaingia sokoni. Baadaye karibu kila mtengenezaji akafuata.

Su hakuwa mtu mmoja aliyegundua hilo, ilikuwa kazi ya timu kubwa iliyochukua miaka. Na shaba haikuwa taaluma yake. Amesema mwenyewe kwamba alihamia huko kwa sababu huko ndiko matatizo yalikokuwa. Ushauri wake kwa wanafunzi hadi leo ni huo huo, ameurudia hadharani mara nyingi: yakimbilie matatizo magumu.

Niliuandika ushauri huo kama mbinu namba 1, kisha nikabaki nautazama. Kukimbia, kukimbilia. Lugha yetu imetenganisha mambo hayo mawili kwa silabi moja. Mimi nilikuwa nimekimbia.

Machi 2020 corona ilipofunga vyuo, wenzangu walilia. Mimi nilishukuru kimoyomoyo. Nikarudi Voi, nikakaa kibandani miezi tisa nikitengeneza redio na Baba, na hakuna siku niliyomwambia. Januari 2021 vyuo vikafunguliwa. Baba aliuza pikipiki yake, ile aliyokuwa akiitumia kufuata wateja Mwatate na Maungu, akanitumia 45,000 kwa M-Pesa. "Malizia," akasema. Nilifika hadi kwenye geti la chuo nikiwa na begi mgongoni. Kulikuwa na mtu anauza mayai hapo. Nilinunua yai moja, nikalila nimesimama, nikaangalia wanafunzi wakipimwa joto mmoja mmoja, kisha nikavuka barabara na kupanda matatu ya kurudi mjini. Pikipiki ya Baba ilinilipia nyumba na chakula kwa miezi mitano.

Mwaka uliofuata nikamwambia nimemaliza. Nikamwambia mahafali ni ya mtandaoni sababu ya corona, asijisumbue na nauli. Hakuniomba cheti. Alikuwa na imani ya mtu ambaye hakuwahi kushika cheti kama hicho, nami niliitumia imani hiyo vibaya. Siku hiyo ndipo alipobadilisha jina langu kwenye simu.

Narudi kwa Su, kwa sababu makala ilikuwa inadaiwa.

Baada ya IBM alikwenda Freescale mwaka 2007, kisha AMD. Tarehe 8 Oktoba 2014 akafanywa afisa mkuu mtendaji, mwanamke wa kwanza kuiongoza. Kampuni yenyewe ilianzishwa mwaka 1969, ni ya rika lake. Ukisoma haraka unaona kilele. Lakini angalia alichokabidhiwa. Deni la zaidi ya dola bilioni 2. Prosesa ambazo wanunuzi walikuwa wamezikatia tamaa. Jengo kubwa la Austin, Texas, lilikuwa limeuzwa mwaka mmoja kabla, kampuni ikawa mpangaji kwenye nyumba iliyokuwa yake. Hisa moja ilikuwa karibu dola 3, na mwaka 2015 ikashuka chini ya dola 2. Ndani ya mwezi wake wa kwanza ilitangazwa kwamba asilimia 7 ya wafanyakazi wanaachishwa kazi, karibu watu 700. Hao nao walikuwa na nyumba za kulipia. Kwenye makala za mbinu 7 watu hao huwa hawapo, na nakiri hata mimi niliwaweka nusu sentensi.

Alichofanya ni kitu ambacho injinia angefanya, au fundi: aliuliza imekwama wapi. Wakati huo kila mtu alikuwa anakimbizana na simu na vifaa vidogo vya nyumbani. Yeye akaamua AMD haitakwenda huko, itarudi kwenye kile inachokijua, prosesa zenye nguvu za kompyuta na za seva. Kulikuwa na mradi umeshaanza tangu 2012, uliitwa Zen, kuichora upya prosesa kuanzia karatasi tupu, chini ya mhandisi Jim Keller. Mradi wa namna hiyo unachukua miaka, na katika miaka hiyo hauingizi senti. Kampuni yenye deni hushawishika kuukata. Su hakuukata. Lengo lilikuwa kuipa kila mpigo wa prosesa kazi zaidi kwa asilimia 40 kuliko ya zamani. Ilipotoka Machi 2017 kwa jina la Ryzen, AMD wakasema wamefika asilimia 52.

Kutoka hapo hadithi inakuwa tamu na mteja wangu angeweza kuiandika mwenyewe. Mwaka 2021 hisa ilipita dola 100. Mwaka 2022 thamani ya AMD sokoni ikaipita ya Intel kwa mara ya kwanza, na mwaka huo huo MIT wakalipa jengo moja jina lake. Mwaka 2024 jarida la Time likamtaja mkuu wa kampuni wa mwaka.

Lakini mimi nilibaki pale katikati, kati ya 2014 na 2017. Nilikuwa nafikiria asubuhi za kawaida za miaka hiyo. Unaamka, hisa ni dola 2, watu wanakuuliza kampuni itafungwa lini, na jibu lako ni kwamba kuna kitu maabara, hakijaiva. Huwezi kukionyesha. Huwezi kukiharakisha. Unachoweza ni kusema hali ilivyo na kurudi kazini. Sijui kama naweza kuishi namna hiyo wiki mbili, sembuse miaka mitatu. Nilichokuwa nimefanya mimi ni kinyume chake kabisa: nilitangaza prosesa ambayo haipo, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipokea pongezi.

Sitaki kumfanya malaika. Alianza na wazazi waliosoma, na shule ambayo sisi wengi hatuwezi kuiota. Msichana wa Tainan aliyepelekwa New York na msichana wa Voi aliyepanda basi kuja Nairobi hawakuanzia mstari mmoja, na kila anayesema "juhudi tu" anatudanganya. Ila hata nikiondoa yote hayo, linabaki jambo moja ambalo halihitaji MIT. Kama umeanguka karatasi, sema umeanguka karatasi.

Niliandika mbinu 7. Ya sita ilikuwa "jenga subira," ya saba "amini ndoto yako," kwa sababu ilikuwa saa kumi usiku na tokeni za stima zilikuwa zinaisha. Nikatuma. Kisha nikangoja hadi jioni, saa ambayo Baba huwa ameshafunga kibanda, nikampigia.

"Injinia!"

"Baba, uko wapi?"

"Niko nyumbani. Mama yako ameenda kwa jirani."

"Toa spika. Weka simu sikioni."

Nikasikia akiinuka. Redio ya taarifa ikapunguzwa sauti.

"Baba, sikumaliza chuo."

Kimya. Nilisikia pumzi yake na mbwa wa mbali.

"Ulikosa karo?" akauliza. Aliuliza taratibu, karibu kwa kunibembeleza. Alikuwa ananifungulia ule mlango ninaoujua, ule ambao Nairobi nzima nimepitia. Ningesema ndiyo, angejilaumu yeye, na mimi ningelala vizuri.

"Hapana, Baba. Karo ulituma."

"Basi nini?"

"Nilianguka karatasi moja. Mara tatu. Nikaona aibu kurudi."

"Karatasi gani?"

"Saketi."

"Saketi?" Sauti yake ilipanda kidogo. "Saketi si tulikuwa tunafanya hapa?"

"Ndiyo, Baba."

"Si nilikuonyesha mimi?"

"Ndiyo, Baba."

Akanyamaza tena, safari hii muda mrefu hadi nikatazama simu kuona kama imekatika.

"Na ile ya pikipiki?"

"Nililia chakula. Nikalipia nyumba."

"Haya," akasema. Kisha akakata.

Kwa muda wa siku tisa hakunipigia, na kwetu Baba hupigia kila mtu Jumapili baada ya kanisa. Mama alinipigia mara moja, akauliza kama nimekula, akaniambia Baba yuko sawa, anafanya kazi hadi usiku. Hakusema zaidi, nami sikuuliza. Nilikuwa nimezisoma hadithi nyingi, na kuziandika, ambamo mtu akisema ukweli anakumbatiwa papo hapo. Hakuna aliyewahi kuniagiza makala kuhusu siku tisa.

Siku ya kumi mteja akanilipa zile 3,000. Alisema makala ni nzuri ila wakati mwingine nipunguze mambo ya shaba, vijana hawapendi. Kodi nilikuwa nadaiwa. Niliangalia hiyo pesa kwenye simu kwa dakika kadhaa, kisha nikaituma yote Voi. Nikamwandikia Baba ujumbe: hii ni ya pikipiki, ya kwanza, zimebaki 42,000, nitakuwa natuma kila mwezi kadiri ninavyopata. Nikamwandikia pia kazi ninayoifanya hasa, kwamba naandika, na kwamba makala hiyo ilimhusu mwanamke injinia aliyeokoa kampuni. Nikamwomba amwambie mama wa maembe kwamba sina kazi ya kumpa kijana wake.

Saa moja ikapita. Nilipanga vyombo. Nikafungua droo, nikaitoa ile mita ya njano. Betri yake ilikuwa imevuja ndani, chumvi nyeupe imejaa kwenye vyuma. Nikaanza kuikwangua kwa kisu, polepole, nikitafuta kama imeharibika yote au ni pale mwanzoni tu.

Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe, na Baba huandika ujumbe kwa nadra, kwa herufi kubwa zote, bila nukta.

IMEFIKA WAKESHO UKIJA DESEMBA KUNA AMPLIFAYA HAPA IMENISHINDA KUJA NA ILE MITA